Madai Namba 4471-B

Mvua ya mawe ilipiga San Rafael dakika nne tu.
Nélida akatoka na chaki ya mjukuu,
akazungushia duara kila kibonyeo cha Renault yake:
themanini na vitatu. Kimoja cha mlangoni,
ambacho kwa haki
ni cha gari la jirani, mwaka juzi,
hicho hakukizungushia.

Akapiga simu. Kinanda kikamtumbuiza
mpaka maharage yakaungua.
"Tumekupata, mama. Mkaguzi yuko njiani."
Njia gani hiyo, ya siku kumi na tisa?

Usiku wa kumi na nane ikanyesha mvua ya maji tu.
Chaki yote ikaoga, ikaenda zake.

Mkaguzi, kijana Ezequiel, viatu vipya,
akahesabu kwa kidole: sitini na kimoja.
"Na hapa?"
"Kivuli, mama."
"Hapa je?"
"Uzee wa bati."

Kisha akachuchumaa mlangoni.
"Hiki nacho? Jiwe gani lilipiga kwa ubavu?"

Fundi Ovidio alikwisha kumwambia:
hicho peke yake ni nusu ya bei.

Nélida akafuta mikono kwenye aproni,
kidole kimoja kimoja.
"Hilo," akasema, "lilikuja na upepo."