Hewa ya Samaki

Kwetu nilifunzwa: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.
Hapa Barra methali hiyo husimama kichwa chini.
Kushuka ni kazi ya ukanda wa risasi kiunoni.
Kupanda ndio ngoma,
na Finlay MacKinnon aliicheza upesi mno,
kutoka mita thelathini, mfuko wa kombe mkononi,
vali imekwama, kifua kinadai.

Alikuja zahanati kwa miguu yake mwenyewe.
Akasema ni bega. Akasema labda amelilalia vibaya.
Nikamwambia, fungua kifungo cha shati.
Vidole vikakitazama kifungo
kama mali ya mtu mwingine.

Watoto wa shule huwa nawaeleza kwa chupa ya soda:
ifungue polepole, inanong'ona;
ifungue ghafla, inakurukia usoni.
Damu ya Finlay ilikuwa imefunguliwa ghafla.

Chumba cha mgandamizo kiko Oban,
ng'ambo, saa tano kwa feri, feri ikitaka.
Helikopta huja ikiruka chini, karibu ilambe mawimbi,
maana kila futi ya juu huvivimbisha viputo.
Lakini siku hiyo ukungu ulikaa juu ya Castlebay
kama mgeni asiyejua kuaga.
Rubani akasema redioni: samahani, dada.
Feri nayo ilikuwa gatini, ikisubiri kipuri.

Miaka kumi na moja tunaomba chumba chetu wenyewe.
Hujibu kwa barua nzuri, karatasi nzito.
Hutupa pole, huwahesabu wapiga mbizi wetu,
hukuta ni wachache.
Hapo ndipo barua huishia.

Oksijeni ya zahanati: mitungi miwili.
Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha.
Ingeisha katikati ya maji, mahali pasipo na jina.
Ndipo Dougie Boyd wa shamba la samaki
akarudi nyuma na pikapu hadi mlangoni,
mitungi minne, chumvi na magamba juu yake,
ile wanayowapulizia salmoni joto likizidi.
"Wangu watavumilia leo," akasema.
Kitabu cha kanuni kilikuwa wazi mezani.
Nikakifunga.
Fundi wa boti akaunga mpira kwa mpira,
akaunusa, akaunga tena.

Tuliondoka kwa boti ileile ya kombe.
Ishbel, mkewe, alishika usukani,
hakusema neno hadi tulipopita Coll,
na hapo alisema tu, "Mtungi wa ngapi?"
Wa nne.
Nilimshikilia Finlay barakoa, nikawaza:
bahari iliyomvunja
ndiyo barabara pekee isiyomtaka apande kilima.

Oban wakatufungia ndani ya chuma, mimi na yeye.
Mlango mzito. Joto. Masikio yakalalamika.
Wakatushusha mita kumi na nane
bila tone la maji.
Dawa ya moto ni moto; dawa ya kina ni kina.
Na kina, katika lugha yangu, ni pia ile sauti
airudiayo mshairi mwisho wa mstari
ili visivyopatana vipatane.
Nikamfundisha neno hilo, tulikuwa na muda.
Akalisema ndani ya barakoa,
likatoka povu.

Saa ya tatu, kidole gumba kilikikumbuka kifungo.
Mguu wa kushoto haujakumbuka bado.
Anauburuta hadi gatini kila asubuhi,
anawaambia vijana wapande taratibu,
nao wanaitikia kama vijana.

Jumatatu nilikuta fomu kutoka shambani:
oksijeni, mitungi minne, taja waliotumia.
Safu zilikuwa mbili tu,
salmoni wadogo, salmoni wakubwa.
Nilikaa na kalamu muda mrefu.
Nje kulikuwa kweupe, mpaka ng'ambo inaonekana,
siku ambayo helikopta yoyote ingeruka.

Nikaandika: mkubwa, mmoja.