Pumzi Kabla ya Neno

Trieste kuna upepo uitwao bora.
Si bora kwa lolote: hung'oa vigae,
huvua watu kofia bila hodi,
na manispaa, iliposhindwa kuufunga upepo,
ilifunga kamba kandokando ya njia
watu washike wasipeperuke.

Nerina Cossutta alipiga pasi mashati ya hoteli.
Mwaka hamsini na tano kaka yake, Livio,
alipanda meli ya wahamiaji kwenda Australia;
kofia yake ikabaki inaelea kando ya gati.
Miaka sita dada mtu hakusema kitu.
Kisha, nyuma ya risiti ya dobi, akaandika beti tatu:
wa kwanza wa kamba, wa pili wa kofia,
wa tatu una jina la Livio na deni lake
la lira mia nne, ambalo halijasamehewa.

Walirekodi ndani ya ghala la kahawa, saa ya chakula.
Gitaa la Duilio lilikuwa na nyuzi tano.
Mpiga ngoma hakuja; mtu akagonga gunia.
Na kabla ya neno la kwanza Nerina anavuta pumzi,
ndefu, kama mtu anayeinua ndoo.
Fundi alitaka kuikata. Mkasi ulikuwa umepotea.
Santuri mia tatu. Zikauzwa tisini.

Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema.
Huyu alizaa,
ila ndama walichukuliwa na majirani.

Ljubljana, Metka Hrovatin akauimba polepole
kwa fidla ishirini; kaka akageuka mchumba.
Tampere, Raimo Kivelä akautia kwenye kodiani;
upepo ukawa theluji, kamba ikawa reli,
na watu wakaucheza wamefumba macho, bila kutabasamu.
(Ninayo nakala hii. Ina mkwaruzo kwenye ubeti wa pili,
nami naupenda mkwaruzo kuliko ubeti.)
Osaka, mtunzi ambaye hakuuliza wala hakuulizwa
akaandika mwanamke, kituo cha treni, mwavuli mmoja;
kampuni ya miavuli ikafurahi.
Manchester, vijana wanne na kinanda cha umeme
wakauondoa ubeti wa tatu. Redio ilitaka dakika tatu,
na nani, hata hivyo, alimjua Livio?

Jina la Nerina nalo lilisafiri, likichakaa:
Cossutta, Cossuta, N. Kossut,
kisha herufi mbili, kisha "wimbo wa jadi",
maana yake: hakuna wa kulipwa.
Hiyo ya mwisho aliiona dukani, na miwani mpya.
Akacheka mpaka muuzaji akamletea kiti.
"Jadi!" akasema. "Nami bado nina pasi mkononi."

Mwaka tisini na tisa, São Paulo,
kijana aitwaye Wanderley, mnunuzi wa santuri kwa kilo,
akaiokota ile ya ghalani. Hakutaka maneno.
Alichukua pumzi tu, ile iliyonusurika mkasi,
akairudia, akairudia, juu ya mdundo wa kutikisa vioo,
na dunia ikacheza juu ya kifua cha mpiga pasi.

Geelong, harusi ya mjukuu.
Mzee mmoja, mstaafu wa kiwanda cha magari,
amekaa karibu na keki kwa sababu hapo hakuna spika.
Metka aliwahi kumjia redioni, akabadili stesheni.
Vijana wa Manchester aliwasikia miaka kumi
juu ya kelele za mashine, asiwatambue.
Sasa ukumbi mzima unavuta pumzi.
Anaweka uma chini.
Hivyo ndivyo alivyokuwa akivuta hewa
kabla ya kumgombeza: umechelewa, umelowa, ulikuwa wapi.
Anasubiri neno.
Pumzi inarudi. Neno haliji.
Pumzi inarudi.
Anasimama, anajipapasa mifukoni,
midomo inahesabu
lira mia nne ni ngapi leo.