Kurasa za Kushoto

Miaka ishirini na miwili nimekaa nyuma ya mizani
pale ghalani Wete, nikiandika
jina, gunia, kilo, saini au dole gumba.
Mkono uliozoea tarakimu huwa mwepesi kuteleza:
mstari mmoja nyuma ya stakabadhi iliyoharibika,
mwengine kabla wino wa ule haujakauka.
Nilipostaafu nilikuwa na madaftari matatu
chini ya sanduku la kanga,
yananuka karafuu hata kwenye maneno ya msiba.

Sikuwa na mpango wowote.
Riziki, fundi cherehani, alikuja kunipima mkono wa gauni,
akaliona moja limefunguka mezani,
akasoma amesimama, futi kamba shingoni.
"Kumbe nawe waandika! Na sisi twadhani wahesabu tu."
Akaondoka nalo. Gauni akalisahau.

Wiki nne sikulala vyema.
Habari zake nilizipata kama za mtoto aliyekwenda harusini:
limeonekana Limbani kwa mke wa Faki Shaame,
limefika Gando kwa mwalimu wa hesabu,
limelala siku mbili dukani baina ya sabuni na viberiti.
Mferejini kijana mmoja alinisalimia kwa mstari wangu mwenyewe,
nusu mstari, na neno moja alilikosea,
na kosa lake lilikuwa bora.

Likarudi.
Lina doa la bizari,
lina pini mbili za Riziki kwenye shairi la mvua,
ukurasa mmoja umekatwa kwa wembe, taratibu, haukuchanika.
Huyo nimemsamehe, alikuwa na haja nao.
Lakini pale nilipoandika juu ya kaka yangu Mbarouk,
aliyetoka na mkoba wa nguo asirudi,
pale nilipomalizia *Mungu akipenda tutaonana* nikapiga mstari,
mtu ameandika pembeni, kwa penseli, herufi ndogo:
Hapa umeogopa.

Maneno mawili.
Nilikasirika mpaka alasiri.
Nani kakupa ruhusa, mwenye penseli?
Nikachukua raba. Nikaiweka.
Maana mimi ndiye niliyekuwa nikisema kila msimu
kwa mwenye gunia zito kupita kimo chake:
"Fungua, tuone kilichomo chini."
Chini mara nyengine ni makonyo, mara nyengine mchanga,
naye huangalia pembeni.

Basi jana nimekwenda kwa Mkubwa Khatib,
nimenunua daftari la kurasa mia mbili, gamba gumu,
kalamu nne za buluu, penseli moja.
"Wajukuu?"
"Hapana."
"Unafungua chuo?"
"Kama hivyo."

Nimeanza hadithi. Mashairi yatanisubiri:
mizani moja nimeirejesha serikalini,
hii nyengine nayo ipumzike.
Ni hadithi ya nyumba ya Bopwe
ambayo mlango wake haukutiwa komeo miaka kumi na tisa,
na mama anayejua kwa nini.
Sura ya kwanza imechukua kurasa kumi na moja.
Naandika kulia tu. Kushoto nimekuacha kweupe,
na penseli nimeifunga kwenye uti wa daftari
kwa uzi mwekundu wa Riziki.

Jumaamosi litatoka.
Nakala ni hiyo moja, likilowa limelowa.
Mwenye wembe, mara hii bisha hodi, nitakunakilia.
Mwenye bizari, nawa mkono.
Au usinawe, nipate kujua ulisoma ukila.

Na wewe, mwenye penseli, ambaye sikujui,
sura ya pili nimeiachia njiani.
Ni usiku bado. Kaka hajatoka.
Mkoba ameuweka juu ya kiti,
na mama anajifanya amelala.