Usimwambie Unahesabu

Kabla ya jina la mfupa wowote
Sista Leelamma alitufundisha hila:
shika kifundo cha mkono, jifanye wahesabu mapigo,
macho yaende kifuani.
Mtu akijua unamhesabia pumzi
hupumua kama anayepigwa picha.

Ibra, saa tano usiku. Kesho mtihani.
Kiyoyozi kinaguna. Nimejilaza juu ya daftari.
Upande wa pili wa pazia Bibi Ghaniya ameketi,
viwiko magotini, midomo kaibana
kama anayepoza chai.
Hakuna aliyemfundisha mkao huo.
Umo kitabuni, una mchoro na jina.

Nasoma kwa sauti, nikumbuke:
puani hewa huchujwa, hulowanishwa, hupashwa moto.
"Ipashwe moto ya nini," auliza, "na huu mwezi wa saba?"
Kitabu kimeandikwa na watu wa baridi, Bibi.

Koromeo, njia panda ya wali na upepo.
Kidakatonge, bawabu.
Zoloto, ambamo sauti yake bado inakaa Mkoani
miaka hamsini baada ya mwenyewe kuhama.
Kisha bomba la hewa, pete za gegedu
zisizokutana nyuma, kama bangili zake za fedha.
Likigawanyika, tawi la kulia ni pana, limesimama wima zaidi;
ndiyo maana kokwa ya tende ya mtoto Haitham
ilikwenda kulia,
na sisi tukaenda naye Maskati usiku ule, baba hafungi hata kanzu vizuri.

Niliwahi kuandika kwenye zoezi: mapafu ni falaji,
mfereji mama, kisha vijito, hadi shina la mwisho la mtende.
Sista akajibu kwa wino mwekundu:
"Maji ya falaji hayarudi yalikotoka."
Kweli. Pumzi huingia na kutoka kwa mlango mmoja,
na hata ukipuliza hadi machozi
lita moja na ushei hubaki ndani, haitoki.
"Hiyo iliyobaki," Bibi asema, "ni ya Pemba."
Hapana Bibi, huchanganyika, hubadilika kidogo kidogo.
"Basi nawe hujasoma."

Vifuko vya hewa, milioni mia tatu na zaidi,
kuta nyembamba kuliko utando wa kitunguu.
Oksijeni huvuka bila kusukumwa,
kutoka penye wingi kwenda penye uhaba.
"Sheria nzuri. Pesa haijaisikia."

Nilitunga ubeti, wa kuingia nao chumba cha mtihani:

*Kiwambo kikishukia, mbavu nazo zikapanda,*
*Nafasi ikazidia, kifua kikajitanda,*
*Hewa huja kuingia, shinikizo likikonda,*
*Kutoka ni kuachia, misuli haina kazi.*

Nilijivunia vina. Nikamsomea.
Akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa,
akatoa pumzi, ndefu, yenye mluzi,
shingo ikivuta kama kamba za ndoo,
tumbo likisukuma.
Kwa Bibi mstari wa nne ni uongo.
Miaka thelathini ya kupuliza kuni chini ya sufuria za harusi za watu
imelegeza vile vifuko; hewa huingia,
halafu haioni mlango.
Kuachia ndiko kazi yake. Usiku kucha.

Nikafunga daftari, nikapita pazia.
Nikamshika kifundo cha mkono, kidole mahali pake,
uso umetulia kama nilivyofundishwa,
jicho moja kwenye saa, jingine kwenye kanga yake inayopanda.
Dakika nzima, alisema Sista. Nusu dakika hudanganya.
Kumi na tisa. Ishirini.
Ishirini na tatu

"Umefika ngapi?" akauliza, macho kafumba.

Mapigo, Bibi, nahesabu mapigo.

"Ehe," akasema,
na akaanza kupumua taratibu, vizuri mno, kwa ajili yangu,
kama anayepigwa picha.