Asilimia Kumi na Nne

Pikipiki yangu haina tumbo la petroli.
Ina betri, nzito kama mtoto wa miaka minne aliyelala,
na kila usiku naipandisha ngazi arobaini na tatu
hadi chumbani kwangu Igogo, juu ya jiwe,
niilishe umeme wa LUKU kabla sijala ugali.

Kijiweni walinicheka.
"Luhende, hiyo feni umeing'oa dari la nani?"
"Ikifika Bugando utuite, tuje tuizike."
Na kweli, wiki ile ya kwanza nilivuta mafuta
(ulimi mgumu kuacha: mafuta yapi?)
kwa pupa, pale pale kilima kinapoanza.
Mota ikanuna, ikapata moto,
ikazima mbele ya mama muuza karanga
ambaye hakusema neno. Alinipimia za mia mbili
akakataa hela.

Kupanda nilifundishwa na wabeba maji.
Watazame asubuhi, ndoo kichwani:
hawaukabili mlima uso kwa uso.
Wanaukata mshazari, kushoto, kulia,
kama mtu anayekwenda kumkopa mkwewe.
Hawaharakishi. Hawasimami.

Jioni abiria wangu ni Nyanzobe,
hotipoti mbili mapajani, sato na wali,
dada yake yuko wodini wiki ya tatu.
Mlango Mmoja: asilimia hamsini na nane.
Kona ya kwanza: arobaini na saba.
Mlima unakula namba mbele ya macho yangu
na mimi nazihesabu kama mshahara.
Ya zamani ilikuwa ikinguruma, ikinidanganya kuwa ina nguvu.
Hii iko kimya. Nasikia kifuniko cha hotipoti kikigonga,
nasikia Nyanzobe akimeza mate
kabla ya kuuliza, "Tutafika?"

Sijui. Ishirini na mbili. Kumi na tisa.
Penye mwinuko mkali, karibu na ukuta wa mawe,
anashuka bila kuambiwa,
anavua ndala, anaegemeza kiganja kwenye kiti
na kusukuma. "Nawe usijifanye bosi," anasema.
Basi nashuka. Tunasukuma wawili
chombo nilichokinunua kisukume watu.
Mtoto anapita mbio, hakutusikia tukija,
nusura atukumbe; napiga mluzi,
ndiyo honi yangu ya heshima.

Langoni nauli anaitoa yote.
Narudisha nusu. Anairudisha.
Tunabishana hadi mlinzi anatuambia saa ya kuona wagonjwa inaisha.

Kushuka ndiko nisikokuwa nakujua.
Naminya breki taratibu, na mota,
ile ile iliyonuna, inageuka kinu,
inasaga mteremko kuwa umeme.
Kumi na mbili.
Taa za Kirumba zinanijia, na ziwa nyuma yake jeusi, pana,
harufu ya dagaa na mvua ya mbali.
Kumi na tatu.
Mlima umenila arobaini na kitu
sasa unarudisha chenji, sarafu kwa sarafu,
kama konda mwenye haya.

Kumi na nne, nikiwa chini kabisa.
Hazitoshi kumpandisha mtu yeyote popote.
Zinanitosha kufika kwenye ngazi zangu,
na pale nitaibeba mimi.