Mlango Nyuma ya Datsun

Picha ni moja tu, na hata hiyo ilipigwa kwa ajili ya gari:
Datsun ya Ami Muhenna, wiki ya kwanza tangu aitoe bandarini,
naye kaegemea boneti, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata,
mkono mmoja juu ya taa
kama mtu amshikaye mtoto kichwani asikimbie.
Nyuma ya bega lake, upana wa vidole viwili,
mlango wetu.

Nyeusi na nyeupe. Ndipo ugomvi unapoanzia.

Dada yangu Ghanima anapiga simu kutoka Barka:
ulikuwa kijani, anasema, kijani cha jani la mpera.
Mimi nasema buluu.
Wewe ulikuwa na miaka sita, ulijua nini?
Nilijua kimo cha kitasa, namwambia, maana kilinipasua hapa,
nami nagusa kovu juu ya jicho kana kwamba ananiona.

Ruwi wakati ule ilikuwa changarawe na kelele za zege.
Maji yalikuja kwa lori. Tukiyapangia foleni kwa madebe ya samli,
Mama kalitia letu alama ya chokaa asije mtu akajisahaulisha.
Mkate kwa Dadkarim Mbaluchi, tanuri lake la ardhini
linakubabua nyusi ukichungulia.
Uzi na vifungo kwa Ratansi,
aliyeandika deni kwa Kigujarati
na kulidai kwa Kiswahili cha Mkunazini.
Njia haikuwa na jina, tukaipa sisi.
Uchochoro wa Siafu, kwa kuwa ulipitika mmoja mmoja tu,
ingawa siafu mwenyewe hatukumwona hata siku moja.
Kona ya Kofi, aliponaswa Zahoro na baba yake, sigara mdomoni.
Majina ya mdomo tu.
Hakuna mpima ardhi aliyetuuliza.

Na wakubwa, jioni, mikeka ikishatandikwa juu ya paa,
hawakuzungumza habari za Ruwi.
Mama alikuwa Wete, akihesabu mikarafuu ya babake, mti kwa mti.
Bibi alikuwa mbali zaidi, Samail, kabla hajavushwa,
falaji inapita chini ya mtende wa mjomba wake,
kijiji alichokiacha akiwa na meno ya utoto
na alichokikuta, aliporudi,
kidogo kuliko kile alichokuwa nacho Pemba.

Kila mtu alikuwa akikumbuka kwingine.
Nasi watoto tulikulia pahali
ambapo hapana aliyepatazama.

Leo nimekwenda. Kibao kinasema Njia 2947.
Jengo la ghorofa saba, chini duka la miwani.
Kona ya Kofi ni mashine ya kutolea pesa.
Nikahesabu hatua kutoka msikitini, zile zile arubaini na mbili,
zikanifikisha kwenye nguzo ya maegesho.
Nikakumbuka kwamba miguu imerefuka.
Nikarudi, nikahesabu upya kwa hatua fupi,
mzee mzima na kofia yangu, natembea kitoto juani.
Mlinzi, kijana wa Kibangali, akaniuliza kwa Kiarabu cha kuokoteza:
Baba, umepotea? Watafuta nini?
Mlango, nikasema.
Akanionyesha lifti, kwa adabu,
akanibonyezea na kitufe.

Usiku nampigia Ghanima. Namsimulia lifti,
anacheka mpaka anakohoa.
Kisha kimya. Kisha:
Unakumbuka rangi ilivyokuwa ikibanduka upande wa bawaba,
tukiichokoa kwa kucha tukimngoja Mama afungue?
Nakumbuka.
Haya, na chini yake ilikuwa rangi gani?

Natazama kucha za mkono wangu wa kulia.
Ghanima anangoja. Kwake Barka
nasikia feni inazunguka,
na mtu anaita watoto waje kula.