Saba Nukta Nne

Sura yake siijui. Namjua kwa namba.
Kadi ya kwanza ilifika Brno theluji ikiwa magotini,
kutoka kliniki ya Olomouc, mwandiko wa Daktari Hrubcová
unaoinamia kushoto kama mtu anayepishana na upepo:
jicho la kulia, tao la msingi saba nukta nne,
kipenyo tisa nukta sita, nguvu hasi sita.
Jina, Zbyněk V. Kazi, fundi wa piano.

Mimi ni mkereza lenzi. Nakereza plastiki ngumu,
angavu, pana kama kifungo cha shati,
na chini ya dirisha langu hupita tramu.
Ikipita, meza hutetemeka; nainua kisu, nasubiri.
Mikroni tano ni nyingi mno kwa jicho la mtu.

Nilipoanza, Kamil wa mashine ya pili alinifundisha kinyumenyume:
namba ikishuka, tao linakuwa kali.
Nane ni uwanda. Saba ni kilima.
Sita (akafuta miwani yake kwa ncha ya aproni),
sita ni mlima ulioamua kuota.

Mwaka wa pili: saba nukta moja.
Wa tatu: sita nukta tisa, na maneno pembeni,
lenzi yagusa kilele, yaacha kidonda.
Nikajua konea yake inachongoka,
inakonda katikati, inasukuma mbele
kama goti ndani ya suruali kuukuu.
Nikamkazia tao, nikamwachia upenyo wa unywele
kati ya plastiki na jicho, machozi yapite, yajae mabondeni.

Hiyo ndiyo siri ya kazi hii, na sina wa kumwambia:
si lenzi peke yake inayomwonesha mtu.
Ni machozi yake mwenyewe, yaliyotulia chini ya lenzi,
yakasawazisha kilichopinda.
Nuru ikifika hudhani imekuta jicho zima.

Ukingo nao una kesi yake.
Ukilala, lenzi hunyonya, hung'ang'ania kama deni;
ukiinuka mno, kope huukwaa kila ikipepesa,
na kope hupepesa maelfu kwa maelfu kabla ya chakula cha jioni.
Lenzi njema hucheza kidogo. Hushuka, hurudi.
Isiyocheza, daktari huiandikia neno moja, imebana,
nami narudia Ijumaa bila malipo.

Sita nukta tano.
Sita nukta moja.
Tano nukta nane, na tramu ikapita, na sikuinua kisu,
nikaharibu kipande, nikaanza upya.

Halafu kimya. Miaka miwili.
Kadi zake nikazitia kwenye mkebe wa biskuti
pamoja na za waliohama na za waliokufa,
maana karatasi haisemi nani ni nani.

Juzi, bahasha ya Olomouc. Mwandiko uleule, umezeeka.
Zbyněk V. Jicho la kulia. Tao saba nukta tisa.
Nikadhani kalamu imeteleza. Mlima ule haushuki.
Nikapiga simu. Hrubcová akacheka kidogo, akaacha.
"Si lake. Wamempandikizia. Nyuzi kumi na sita, zimeshatolewa.
Yule mwingine alikuwa na jicho zuri."

Yule mwingine.
Hakuwahi kuhitaji lenzi,
hakuwa na kadi, wala nafasi mkebeni.
Namba yake ya kwanza kufika hapa ndiyo hii,
na imekuja kwa jina la mtu.

Nimefunga kipande kwenye mashine.
Mahali pa mshono pana tuta; nitaweka tao la pili, lililogeuzwa,
katikati bapa, pembeni kali,
kipenyo kumi na moja ili lenzi ivuke kovu isilikanyage.
Chini yake patabaki nafasi, ndogo tu.
Itajaa machozi. Ya nani, sikuuliza.

Tramu ikapita. Nikasubiri.
Ikapita na nyingine.